Mzigo Una Karatasi Zake, Dereva Je?

Mwezi wa Julai, tukiwa uani tunapura alizeti, mtoto wa kaka yangu aliingia nyumbani kwangu hapa Ulemo amebeba begi jipya mgongoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umetoka Dar lini?"

"Jana usiku. Nimepata kazi. Kampuni kubwa, magari zaidi ya mia mbili. Jumatatu nakabidhiwa semi."

Mama watoto akamletea maji na kigoda. Nikamwuliza alichopewa mpaka sasa. Akanihesabia: fulana mbili zenye jina la kampuni, buti, kofia ngumu na kizibao cha kung'aa. Walimpiga picha ya kitambulisho na kutoa nakala ya leseni yake.

"Na mkataba?"

"Nimesaini. Kurasa nne."

"Uko wapi?"

"Umebaki ofisini, baba mdogo. Tulikuwa vijana kumi na wawili kwenye foleni. Yule dada alikuwa anatuonyesha tu pa kuweka sahihi."

Niliweka fimbo ya kupuria chini. Nimeendesha malori miaka 19, tangu 2003 hadi 2022. Mitano ya kwanza nilikuwa kwa tajiri mwenye magari matatu, iliyobaki katika kampuni kubwa tatu, moja baada ya nyingine. Neno hilo, "umebaki ofisini", nimelisikia kwa madereva wengi kuliko ninavyoweza kuwahesabu, na mimi mwenyewe niliwahi kulisema. Ndilo lililonifanya niandike haya.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu, Ulemo iko wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida, kwenye barabara kuu inayotoka Singida mjini kwenda Nzega. Hapo Misigiri, njia panda ya kuingilia Kiomboi, malori husimama mchana na usiku. Madereva wanakula ugali na kuku wa kienyeji, wananunua vitunguu na galoni za mafuta ya alizeti za kupeleka nyumbani, wanagonga matairi kusikiliza mlio wake, wanaondoka. Barabara hii ndiyo mgongo wa kile kinachoitwa Ushoroba wa Kati. Inaanzia bandari ya Dar es Salaam, inapita Morogoro, Dodoma, Manyoni na Singida, inatupita sisi, inashuka Sekenke kuelekea Shelui, Igunga, Nzega na Kahama, halafu inafika Nyakanazi. Kutoka hapo anayekwenda Rwanda anaelekea Rusumo, anayekwenda Burundi anaelekea Kabanga. Dar es Salaam mpaka Kigali ni karibu kilomita 1,500. Ngano, mbolea, dizeli, mabati, dawa za hospitali, vyote vya nchi zile zisizo na bahari vinapita mbele ya nyumba zetu, na kila kimoja kinaendeshwa na mtu.

Sasa mtazame mtu huyo anapotoka bandarini. Kabla hajawasha gari anakabidhiwa faili. Ndani yake mna hati ya mzigo, nyaraka za forodha za kuupitisha mzigo nchini, bima ya gari, kadi ya njano ya bima inayotambulika nje ya mipaka, na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Kontena limefungwa sili ya mamlaka ya mapato, TRA, yenye kifaa kinachoonyesha lilipo kila wakati. Njiani anaongeza vyeti vya mizani: Vigwaza, Nala, Njuki pale Singida, na kuendelea. Ukimsimamisha dereva popote ukamwuliza habari za mzigo, atakuonyesha karatasi inayotaja uzito wake, mwenye nao, unakotoka na unakokwenda. Mwulize habari zake yeye. Ameajiriwa tangu lini, kwa mshahara gani, saa ngapi kwa siku, nani atalipa akiumia? Wengi watakuonyesha leseni ya udereva tu, na hiyo waliilipia wenyewe.

Hali hii ina historia. Mjomba wangu mmoja aliendesha Fiat za Zambia-Tanzania Road Services, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1966 baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao Novemba 1965 na Zambia kulazimika kutafuta njia nyingine ya shaba na mafuta yake. Serikali zetu mbili zilishirikiana humo na kampuni ya Kitaliano. Barabara ilikuwa ya vumbi na matope, na ajali zilikuwa nyingi hata Wazungu wakaiita njia ya jehanamu. Mjomba alikufa mwaka 1998. Katika sanduku lake la bati tulikuta barua ya kuajiriwa, imekunjwa mara nne ndani ya mfuko wa nailoni, ameitunza zaidi ya miaka thelathini. Wakati ule sikuelewa kwa nini mtu atunze karatasi ya kampuni aliyokwisha kuiacha.

Nilianza kuelewa kwenye gari langu la kwanza. Tajiri wangu, mzee mmoja wa Singida mjini, alikuwa na Scania tatu zilizokwisha kufanya kazi Ulaya kabla ya kuletwa kwetu. Kwenye saa ya spidi ya ile niliyopewa palikuwa na kifuniko kinachofunguka, na nyuma yake nafasi ya duara, pana kama kiganja. Nilikuwa naficha humo noti za dharura. Siku moja fundi umeme wa Nzega alikifungua, akaniuliza kama najua ile nafasi ni ya nini. Sikujua.

"Kaka," akaniambia, "hapa ndipo dereva wa kule alikuwa anaweka shahidi wake."

Akanieleza. Chombo kinaitwa takografu. Dereva anaweka karatasi ya mviringo, kalamu ndogo ndani yake inachora saa zote 24: ameendesha lini, kwa mwendo gani, amepumzika lini. Siku hizi kule wanatumia kadi ya kielektroniki, kazi ni ile ile. Sheria ya Umoja wa Ulaya inasema dereva wa lori akishaendesha saa nne na nusu lazima apumzike dakika 45, na kwa siku asizidishe saa tisa, isipokuwa siku mbili kwa juma anazoruhusiwa kufika saa kumi. Ule mchoro unambana dereva mkaidi, na unambana zaidi mwajiri anayemsukuma dereva asiye mkaidi.

Na sisi sheria tunayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa juma. Inakataza mwajiri kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, saa za ziada zikiwa humo. Aliyefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya saa nzima. Likizo ni siku 28 kwa mwaka. Nimeisoma sheria hiyo yote, polepole, kwa msaada wa mwalimu mmoja wa sekondari, na sikukuta mahali inaposema dereva wa semi si mfanyakazi. Kwenye gari langu nafasi ya karatasi ilikuwapo. Karatasi haikuwamo.

Nisiwe mchoyo wa haki: kampuni kubwa ina mambo yake mazuri, na ndiyo maana vijana wa Iramba wanaikimbilia. Kwa tajiri mdogo gari likilala gereji na wewe unalala njaa. Mshahara unautegemea moyo wake na mavuno ya siku hiyo, na akifa, watoto wake wanauza magari bila kukuuliza. Nilipoingia kampuni ya kwanza kubwa mwaka 2008, kwa mara ya kwanza maishani nilipata mshahara kupitia benki, mwisho wa mwezi, bila kumpigia mtu magoti. Nilianza kuchangiwa mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Gari lilikuwa jipya, linapelekwa sevisi kwa kilomita zilizopangwa, na tairi likipasuka Igunga kuna namba ya kupiga. Niliwajengea wazazi wangu nyumba ya bati kwa fedha za miaka ile. Hilo sitalisahau.

Lakini fedha yenyewe ielewe vizuri. Mshahara wa dereva mara nyingi ni mdogo. Kinachomwinua ni mileji, yaani posho ya safari inayopangwa kwa umbali. Humo ndimo anamolia chakula, analipia maegesho, mlinzi wa usiku, kijana wa kuziba pancha, na mara nyingi faini ya barabarani (wakati wangu ilikuwa shilingi 30,000 kwa kosa), hata kosa likiwa taa ya tela aliyoiripoti wiki mbili nyuma. Mileji hiyo inahesabu kilomita, haihesabu siku. Ukikwama mpakani siku nne, unakula ya safari ile ile. Mwezi wa nne na wa tano mwaka 2020, wakati wa korona, Rwanda ilipotaka madereva wetu wakabidhi magari kwa wenzao pale Rusumo badala ya kuingia nayo, foleni ilirefuka na watu walipikia chini ya matela yao. Mimi nililala pale siku tisa. Mileji ya Kigali iliisha siku ya tano.

Halafu kuna simu. Gari la kampuni kubwa lina kifaa cha setilaiti, na ofisini kuna vijana wanaotazama skrini. Ukisimama dakika arobaini Misigiri kula, simu inaita: mbona umesimama? Ukifika Nzega saa sita usiku unataka kulala, simu inaita: mteja anausubiri mzigo. Simu hiyo haiachi maandishi. Ukisinzia ukaangusha gari, hakuna mahali palipoandikwa kwamba uliambiwa uendelee. Kifaa kinajua saa zako zote, kuliko takografu ya Scania ya tajiri wangu, ila kumbukumbu zake zinakaa upande mmoja tu.

Kubwa kuliko yote ni mafuta. Hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo penye roho za watu.

Kampuni inapiga hesabu: gari hili, mzigo huu, njia hii, lita kadhaa. Ukirudi na upungufu, unakatwa. Hesabu hiyo ina sababu. Wapo madereva wanaonyonya dizeli na kuiuza kwa madumu vichakani, na kila dereva anayesoma haya anajua nasema kweli. Wizi huo umetuchafua sote. Lakini hesabu haijui upepo wa Manyoni, haijui foleni ya mpakani ya kusogea hatua kumi kila nusu saa, haijui matengenezo ya barabara yanayokupitisha mchepuko. Basi dereva mwaminifu anayeogopa kukatwa anatafuta pa kubana, na mahali anapopafikiria kwanza ni mteremko. Anaweka fri. Anaachia gia, gari linateremka lenyewe, naye anaamini anaokoa lita mbili tatu.

Mteremko wetu ni Sekenke. Jina hilo wengine wanalijua kwa dhahabu, maana Wajerumani walifungua mgodi hapo kabla ya vita ya kwanza ya dunia. Sisi tunalijua kwa breki. Barabara inatoka juu huku kwetu, inajipinda kushuka ukingo wa bonde mpaka tambarare ya Wembere. Na mzigo mzito wa nchi hii unaelekea magharibi. Gari linalotoka bandarini limeshiba, linalorudi mara nyingi ni tupu. Kwa hiyo Sekenke inashukwa na magari yaliyoshiba. Tangu mwaka 2019, sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa gari la ekseli saba. Zifikirie tani hizo zote nyuma ya kichwa chako, barabara inakukimbia.

Anayejua kazi anasimama Misigiri. Anapitisha nyuma ya kiganja karibu na kila gurudumu kusikia lipi lina joto kuliko mengine. Anamwaga maji yaliyokusanyika kwenye mitungi ya upepo, anatazama geji ijae. Anachagua gia ndogo kabla ya kilele, kabla gari halijaanza kuvuta, kwa sababu ukishashika kasi kubwa gia ndogo haitaki tena kuingia. Anashuka injini ikilia, breki ya injini ikifanya kazi, na mguu anautumia kwa vipindi vifupi tu. Ukiweka fri, injini inaacha kulishika gari, mzigo wote unaangukia breki. Breki zinachemka, zinatoa moshi, halafu unakanyaga na hakuna kitu. Na kinachoniuma ni kwamba hata yale mafuta hayaokoki. Injini za kisasa zinazoendeshwa kwa kompyuta hukata dizeli kabisa ukiteremka ndani ya gia bila kukanyaga mafuta. Ukiweka fri ndipo zinapolazimika kunywa kidogo zisizime. Hilo hakuna aliyenifundisha kazini. Nililijua mwaka wa kumi na mbili wa udereva wangu, kutoka kwa fundi.

Mwaka 2011 nilikula Misigiri na mwenzangu mmoja, baba wa watoto watatu. Tulikaa benchi moja. Aliniambia mwezi uliopita amekatwa lita sitini, na mkewe amechelewa kulipa kodi ya nyumba kwa ajili hiyo. Nilibaki nyuma kukaza kamba za turubai, yeye akatangulia na mifuko ya mbolea. Nilipofika kona za chini nilikuta mifuko imetapakaa porini na kichwa cha gari kimelala ubavu. Watu wa Shelui walikuwa wamekwisha kumtoa. Niliingia kebini kumtafutia simu yake ili niwapigie ndugu. Gia ilikuwa fri.

Kampuni ilinunua jeneza na kutoa gari la kumsafirisha. Mkewe alipouliza mengine, aliulizwa kama ana mkataba. Hakuwa nao, marehemu alisaini ukabaki ofisini. Leo kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kupokea michango mwaka 2015. Mchango wake anautoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti, na mtu akiumia au kufa kazini familia inalipwa kutoka humo. Lakini hata huko swali la kwanza ni lile lile: huyu alikuwa mfanyakazi wa nani?

Mwaka huo huo wa 2015 ndipo madereva wa nchi hii waliposimama pamoja. Aprili 10 mabasi yaligoma nchi nzima, kituo cha mabasi cha Ubungo, Dar es Salaam, kikapigwa mabomu ya machozi, na mwanzoni mwa Mei mgomo ukarudi. Magazeti yaliandika zaidi habari ya abiria waliokwama na ile amri ya kurudi chuoni kila baada ya miaka mitatu, ambayo serikali iliiondoa. Ila sisi tuliokuwa kwenye foleni ya magari tulikuwa tunadai mikataba. Viongozi waliahidi, na kweli makampuni mengi yalianza kuandika mikataba baada ya hapo. Iliandikwa, ikasainiwa, ikafungiwa kabatini.

Yangu mimi yalinifika mwaka 2018, nikiwa kampuni ya pili, ambayo jina lake halina haja hapa. Nilipeleka mzigo Kigali. Mafuta ya kurudi nilipimiwa ya gari tupu. Nilipovuka Rusumo simu ikaita, ofisini wakaniambia nipite Kahama nipakie mchele wa kwenda Dar. Nikapakia. Kahama hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita elfu moja, na gari lililoshiba halinywi kama gari tupu. Nilifika na upungufu wa lita 118. Mwisho wa mwezi mshahara wangu wa shilingi 400,000 uliingia 152,200. Walikuwa wamekata lita zote 118 kwa shilingi 2,100 kila moja, kwa mkupuo.

Nilikwenda kuuliza. Mtu wa mafuta akaniambia mfumo unaonyesha gari lilirudi tupu. Aliyenipigia simu alikuwa amehamishwa kituo. Karatasi za mchele zilikabidhiwa kwa mwenye mchele. Nilitoka nje nikakaa kwenye kivuli cha tela, na hapo nikakumbuka kwamba tangu kifo cha mwenzangu nilikuwa na mazoea ya kupiga picha kila cheti ninachopewa. Nilifungua simu. Cheti cha mizani ya Njuki kilikuwapo, namba ya gari, tarehe, saa, na uzito wa kila ekseli. Gari tupu halina uzito ule.

Nilikwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile wanayoiita CMA, nikajaza Fomu Namba 1. Sikulipa chochote. Siku ya usuluhishi kampuni ilileta afisa mwajiri. Msuluhishi, mama mmoja mtaratibu, aliitazama picha ya cheti muda mrefu, akamgeukia.

"Mlimpa barua ya kumweleza mnamkata nini na kwa hesabu gani kabla ya kumkata?"

Hawakunipa. Akaeleza, na mimi nikaandika kwenye daftari nililonalo hadi leo. Mwajiri hawezi kukata mshahara kufidia hasara mpaka hasara iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, ampe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi alivyokipata, na ampe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato hayo hayatazidi robo ya mshahara. Robo ya 400,000 ni 100,000. Mimi walinikata 247,800.

Fedha yangu ilirudi yote. Lakini nisikufiche lililofuata: gari langu lilipewa mtu mwingine, nikawekwa yadi wiki saba. Mshahara uliingia, tripu hakuna, na bila tripu hakuna mileji. Hakuna aliyenitukana wala kunifukuza. Niliondoka mwenyewe. Haki ilikuwapo kwenye sheria, na niliipata, na iliniondolea kazi. Natamani ningeweza kuandika vinginevyo. Dereva mmoja mmoja anayekwenda Tume atawekwa yadi. Wakienda kumi wa kampuni moja na karatasi zao mkononi, hakuna yadi ya kuwaweka wote, kwa maana mizigo lazima iende.

Jambo moja zaidi kwa wanaovuka mipaka. Septemba 2016 madereva wa Kitanzania walitekwa na wanamgambo wa Mai-Mai karibu na Namoya, mashariki mwa Kongo, magari mengine yakachomwa, mpaka jeshi la Kongo likawakomboa. Nilimfahamu mtu aliyekuwa siku mbili nyuma yao kwenye barabara hiyo. Sheria yetu inataka mtu anayeajiriwa kufanya kazi nje ya nchi awe na mkataba wa maandishi. Kwa dereva anayetumwa Kongo, mkataba huo ndio unaoweza kumwambia balozi huyu ni nani, ametumwa na nani, na familia yake ipigiwe simu gani.

Narudi kwa kijana wangu. Nilimwambia arudi Dar mapema, akadai nakala kabla ya kushika usukani. Jumatano walimwambia asubiri. Alhamisi akarudi tena. Ijumaa wakampa, naye akazipiga picha kurasa zote nne akanitumia kwa simu. Ukurasa wa tatu una kipengele kinachosema dereva atawajibika kwa upotevu wowote wa mafuta na mzigo. Nikampigia nikamweleza kwamba sahihi yake haiwafutii masharti ya kumwandikia, kumsikiliza na ile robo. Akaniuliza kama aiache kazi.

Sikumwambia aiache. Ana mke na mtoto mchanga, na mvua ya mwaka huu haikututosha. Nilimwambia apige picha kila cheti cha mizani, aandike kwenye daftari saa ya kila simu ya ofisini na jina la aliyepiga, na Sekenke ashuke na gia hata wakimkata mafuta ya mwezi mzima. Akanijibu, "Sawa, baba mdogo," na kelele za yadi zikasikika nyuma yake.

Nawe msomaji, pengine una mume, mwana au shemeji barabarani. Sheria inamtaka mwajiri ampe maelezo ya ajira yake kwa maandishi tangu anapoanza kazi, na kesi ikifika mbele, mwajiri asiyeweza kuonyesha maandishi hayo ndiye anayebebeshwa kazi ya kuthibitisha. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kwenda Tume, mwenye dai jingine ana siku 60, na shauri hufunguliwa kwenye ofisi ya eneo ambako mgogoro umetokea. Mpigie leo jioni akiwa amesimama kula. Mwulize nakala ya mkataba wake iko wapi. Akisema imebaki ofisini, mwambie aidai kabla ya tripu ijayo.